Kuzimia Niinukapo

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nalikuwa nimechutama darasani nikikusanya madaftari ya watoto. Nikainuka ghafula ili niandike hesabu ubaoni. Macho yakaingia giza, masikio yakavuma, chaki ikaniponyoka. Sikujua neno tena hata niliposikia mtoto akilia, "Mwalimu amekufa!"

Ilikuwa mara ya tatu. Zile mbili za kwanza nalizificha, hata mke wangu sikumwambia, maana naliogopa kuambiwa nina kifafa. Kifafa ni ugonjwa wenye dawa, wala si aibu. Lakini nalijua wazazi watanong'ona kama inafaa watoto wao wafundishwe nami. Na jioni ile walinong'ona.

Walionisaidia walikuwa na huruma, ila walinishika makwapani wakanisimamisha wima, nami nikazimia tena mikononi mwao.

Zahanatini mwuguzi aliniuliza, "Mwalimu, kabla ya kuanguka ulikuwa umekaaje?" Swali hilo mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza. Akasikiliza moyo, akapima wingi wa damu, kwa kuwa ubovu wa moyo na upungufu wa damu huweza kumwangusha mtu vilevile. Kisha akanilaza, akapima shinikizo la damu: 116. Akanisimamisha, akapima tena kabla ya dakika 3 kwisha: 90. Akasema likishuka kwa 20 au zaidi, hiyo ni dalili.

Akanieleza ya kuwa mtu asimamapo, damu ipatayo nusu lita au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Mara mishipa hujikaza na moyo hupiga mbio, ili kichwa kisikose damu. Maji yakipungua mwilini, kazi hiyo hushindwa. Nami nalikuwa na desturi ya kutokunywa maji tangu asubuhi hata jioni, nisije nikawaacha watoto 70 peke yao. Nalijiona mwaminifu sana!

Sasa mtungi u karibu na meza yangu. Niamkapo huketi kwanza ukingoni mwa kitanda, na nikiona giza hujilaza papo hapo. Wanafunzi nimewafundisha: aliyezimia alazwe chali, miguu iinuliwe, asisimamishwe.

Juma lililopita mzee mmoja, katika wale walionong'ona, alinijia usiku. Alisema, "Mwanangu, mimi nami huanguka alfajiri niinukapo kitandani, na ninameza dawa za shinikizo." Jumatatu tulikwenda zahanatini pamoja.