Kopo la Mama

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, la bati, limebanduliwa karatasi yake na kung'arishwa na mikono ya miaka mingi. Ukilitazama kwa juu hukuona kasoro. Ukilipindua ndipo ulipoona kitako kimebonyezwa kuingia ndani, kama shavu la mzee asiye na meno. Mama yangu ndiye aliyelibonyeza, kwa mpini wa mchi. Siku moja, nikiwa tayari mtu mzima, nilikaa nikapiga hesabu: katika kila makopo 12 niliyouza, moja lilibaki ndani ya gunia langu. Hilo moja lilinisomeshea watoto.

Nauza maharagwe na mchele sokoni hapa Goma. Na miaka yote hiyo ya kopo nilikuwa mtu wa sala. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nilikuwa mwandishi wa shirika letu, ndivyo tunavyoita huku jumuiya ndogo ya Kikristo. Nilikuwa mwana-Legio wa Maria. Misa ya kwanza ya Dominika haikunipita. Rozari yangu niliitundika kwenye mti wa kibanda, juu ya maharagwe yenyewe, na najua wapo wateja waliokuja kwangu kwa sababu yake. Mkono wa kushoto ulihesabu Salamu Maria, wa kulia ulipima. Watu hudhani mwenye dhambi ni yule asiyeonekana kanisani. Mimi nilionekana mno.

Kopo lilianza mwaka 2002. Alhamisi ya tarehe 17 Januari mlima Nyiragongo ulipasuka; moto wa mawe ukateremka, ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya njia ya ndege na kwenda kuzimikia katika Ziwa Kivu. Nilikuwa na miaka 13. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, sisi na karibu mji mzima, na siku chache baadaye tukarudi tukikanyaga mawe ambayo bado yalichoma soli za viatu. Nyumba yetu haikuwa imeanguka. Ilikuwa chini, tumesimama juu yake. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, nilikobatizwa, lilikuwa limeungua.

Mama alianza upya kwa beseni moja la maharagwe ya mkopo. Ndipo alipochukua mchi na kopo. "Mungu ametuacha hai," alisema, "mengine tujisaidie wenyewe." Sijawahi kumlaumu. Alikuwa na watoto sita na nyumba ya mbao juu ya mwamba usiochimbika hata shimo la choo. Alipofariki aliniachia kibanda, deni, rozari na kopo.

Watu wa Goma tunajua kuanza upya. Tunayapasua mawe yaleyale yaliyotuunguzia nyumba, tunayajengea nyumba nyingine. Wageni hutupiga picha na kutusifu kwa hilo, nasi tumezoea kusifiwa. Lakini nyumbani kwetu tulianza upya mara nyingi, na kila mara kopo lilikuwa lilelile.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, anga juu ya mlima likawa jekundu tena. Safari hii lava iliishia ukingoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutikisika, na tarehe 27 ikatoka amri kwamba mitaa kumi ihame. Nilishika barabara ya Sake kwa miguu, mtoto mgongoni, furushi kichwani. Ndani ya furushi, naomba mnisamehe, lilikuwemo kopo. Na katika barabara ile ile nilimwekea Mungu nadhiri: nikirudi nikaikuta nyumba, nitanunua kopo zima.

Nyumba niliikuta. Kopo nililinunua. Nilipimia siku 18. Kisha bei ya gunia ikapanda, na jirani yangu wa kibanda cha pili akawa anauza kwa bei yangu, kwa kopo lililobonyea kuliko lile la Mama. Nikasema moyoni, Mungu anaelewa. Kopo jipya nikawapa watoto wachezee. Niliona haya kuungama nadhiri niliyoivunja, na kwa haya hiyo nikaacha kuungama kabisa, ingawa Komunyo niliendelea kupanga foleni na kupokea, kwa kuwa mwandishi wa shirika asipopokea watu watauliza. Hilo ninaliona zito kuliko kopo.

Kwa hiyo vita vilipoingia mjini, mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa M23 wakauteka, nasi tukalala sakafuni bila maji wala umeme, watoto nimewabana kati ya kitanda na ukuta, sikuahidi chochote. Nilifungua kinywa nikakuta kila ahadi niliyo nayo nimeshaitumia. Nikasema tu, "Niko hapa." Basi. Yaya mmoja, ndivyo tunavyomwita huku dada mkubwa, wa shirika letu husema kwamba ile ndiyo ilikuwa sala. Mimi nilijua nimeishiwa.

Milio ilipotulia nikarudi sokoni. Benki zilikuwa zimefungwa, noti za franga zilikuwa zimechakaa hadi muuzaji na mnunuzi waligombania kipande, watu walinunua nusu kopo. Nusu kopo ya kopo langu.

Mwezi wa Juni, shirika lilikutana kwa sababu ya Floribert Bwana Chui. Tarehe 15 alikuwa ametangazwa mwenye heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Habari zake tulizijua, ni mtoto wa mji huu: kijana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa maibobo, wale watoto wa barabarani ambao sisi wengine huwafukuza kwenye vibanda. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia. Watu wakamletea hongo ili apitishe chakula kilichoharibika, akakataa. Wakamteka na kumuua Julai 2007. Alikuwa na miaka 26. Yule yaya alikuwa akitusimulia, akafika kwenye chakula chenyewe, akasimama. "Mchele, jamani," alisema. "Ni mchele tu."

Kwangu mimi, hadi siku ile, mashahidi wa imani walikuwa watu wa mikuki na moto: wale wa Uganda, au Mwenye heri Anuarite aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Hakuna aliyenitazama jioni ile, lakini nilihisi masikio yanawaka. Mwaka 2007 nilikuwa na miaka 18, ninauza mchele pamoja na Mama. Mchele ule ungepita, ungehitaji muuzaji. Usingeuzwa na shetani. Angetafutwa mtu mwenye kibanda, mwenye watoto, mwenye rozari labda, wa kuuchanganya na mzuri kidogo kidogo. Tungeuchukua. Bei ingekuwa nzuri, tungeuchukua na kushukuru.

Ulikuwa Mwaka wa Jubilei, na foleni za kitubio zilikuwa ndefu. Nilisimama katika mojawapo, mara mbili nikatoka, mara ya tatu nikabaki. Padri alikuwa kijana, angeweza kuwa mdogo wangu. Nilijieleza vibaya, nikaanza na volkano, nikamaliza na deni la Mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Mama, kopo liko wapi sasa?"

"Liko sokoni, Padri."

"Na kesho asubuhi litakuwa wapi?"

Nilikaa kimya muda mrefu, hata nikasikia watu wa foleni wakikohoa. Hakunigombeza. Alisema niliowapunja siwezi kuwatafuta mmoja mmoja, wengine wametawanyika, wengine wamekufa; basi niwalipe walio mbele yangu. Mwaka mzima, kila kopo liende na mkono mmoja juu yake.

"Na sala, Padri?"

"Salamu Maria moja."

"Moja tu?"

Nilikuwa karibu kukasirika, mimi wa rozari tatu kwa siku.

Nilinunua tena kopo zima, lakini nisiwadanganye kwamba mambo yalininyookea. Jirani wa kibanda alinuna, akasema ninaharibu soko. Wateja nao, badala ya kufurahi, walitia shaka. Mama mmoja aliyeanza kununua kwetu tangu enzi za Mama alilishika kopo jipya, akalipindua, akaligonga kitako kwa kidole. "Ile ya zamani iko wapi, Yaya? Na haya maharagwe yana nini?" Akaondoka na kopo moja, akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

Na Septemba nilianguka. Minervali, yaani karo ya watoto, ilidaiwa, na kopo la Mama nilikuwa sijalitupa. Lilikuwa chini ya magunia, nikijiambia ni kumbukumbu. Nililitoa, nikapimia siku mbili. Siku ya tatu nilirudi kwenye foleni ya kitubio. Haikuwa miaka minne safari hii, ilikuwa siku tatu, na hatua za kwenda kule zilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Padri hakuonekana kushangaa. Niliporudi nyumbani nikajaribu kukisukuma kitako kwa jiwe kirudi nje; bati likapasuka. Sasa liko jikoni, nazolea majivu.

Sala zangu zimepungua. Najua hili si la kusema katika ushuhuda, lakini ndivyo ilivyo. Rozari sisali tena kibandani, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi: wa kulia unapima, wa kushoto unachota ile nyongeza. Nasali moja usiku, na mara nyingine usingizi unanichukua fumbo la tatu. Uandishi wa shirika nimemwachia mwingine.

Jumamosi iliyopita yule mama alirudi. Safari hii alikuja na kopo lake mwenyewe kutoka nyumbani, amelifunga ndani ya kitenge. Hakunisalimu sana. Tukapima maharagwe kwa langu, tukayamimina ndani ya lake. Yakalingana. Akayamwaga, tukarudia kwa mchele. Yakalingana. Akakaa akiyatazama makopo mawili pale juu ya meza, kisha akafungua mdomo wa mfuko wake na kuusogeza karibu yangu.

"Haya, Yaya," alisema, "sasa tuongezee."