Ruhusa ya Mpaka na Haki ya Jamaa



Likizo ya shule inapokaribia, nyumba nyingi za pwani huanza kuhesabu mahema, masufuria na mikeka. Nasi tuna ada yetu: jamaa wa Mombasa, wa Ukunda na wa Voi hukutana katika vilima vya Shimba, Kwale, tukapiga kambi siku mbili tatu. Watoto humtafuta palahala, mnyama ambaye katika Kenya nzima huonekana huko tu, na usiku huwasikiliza wazee. Mwaka 2020 ada hiyo ilikatika, na namna ilivyokatika imetuachia funzo ambalo halijapitwa na wakati.

Wasomaji wetu watakumbuka. Kuanzia tarehe 8 Aprili mwaka ule, kwa sababu ya maradhi ya korona, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, kila kaunti na mipaka yake. Aliyekuwa Shanzu hakuweza kuvuka daraja la Mtwapa. Aliyekuwa kisiwani aliweza kupanda feri hadi Likoni, kwani Likoni nayo ni Mombasa, lakini mbele ya Shika Adabu safari ilikoma. Taita Taveta haikufungwa. Mwezi wa Mei, Mji wa Kale nao ukafungiwa ndani ya Mombasa iliyokwisha kufungwa, na Idul-Fitri ikatukuta kila mmoja kwake.

Maadamu wengi wetu tulikuwa tumezuiliwa, subira ilikuwa nyepesi. Mtihani ulikuja mwezi wa Juni, vikwazo vilipolegezwa kwa mafungu. Kwale na Kilifi zikafunguliwa, Mji wa Kale ukafunguliwa, lakini kaunti ya Mombasa ikabaki imefungwa mwezi mmoja zaidi. Ndugu yetu wa Ukunda akawa huru. Dada yetu wa Voi angeweza kumfikia kwa njia ya Kinango bila kukanyaga Mombasa. Sisi tulio karibu zaidi ndio tuliokuwa mbali.

Simu zikaanza. Wako waliosema kambi iahirishwe, kwani haifai watoto wengine wacheke na wengine walie. Wako walioshauri watu wa Mombasa tupite usiku kwa njia za panya, au kwa mashua. Na huko Ukunda alikuwako mama yetu, aliyepita miaka sabini na mwenye maradhi ya sukari, ambaye hatujamtia machoni tangu Machi.

Njia za panya tulizikataa. Hatukuzikataa kwa kumwogopa askari peke yake. Nyuma ya kile kizuizi alikuwa amekaa mzazi wetu, na mgeni anayejipenyeza hajui alichokibeba. Lakini kuahirisha nako tulikukataa. Kunyimana kwa usawa si mapenzi. Tukawaambia wa Ukunda na wa Voi: nendeni, wala msione haya. Binti yetu mdogo alinuna siku mbili. Mama yake akawafungia watoto shuka darini, wakalala humo kama hemani, na jioni wenzao wakapiga simu kuwasimulia palahala waliyemwona.

Hitilafu za namna hii si ngeni. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa safarini kwenda Sham, alifika Sargh akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakaafikiana kwamba arudi. Ndipo akaja Abdulrahman bin Auf (r.a.) na elimu aliyoipokea kwa Mtume (s.a.w.): nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Kiongozi mkubwa akageuza msafara baada ya mwendo wote ule, na hakuona kuwa ameshindwa.

Tarehe 7 Julai Mombasa ikafunguliwa, na hapo ndipo tulipojifunza zaidi. Wengi walidhani kwamba njia ikifunguliwa basi safari imewajibika. Sivyo. Ruhusa si amri. Serikali hutazama kaunti. Haimjui mzee mwenye sukari aliye katika nyumba fulani. Tulimuuliza mama mwenyewe, naye akasema, "Njooni, wanangu, lakini msiingie ndani." Tulingoja wiki mbili, kisha tukaenda, tukaketi barazani na barakoa zetu. Hatukuubusu mkono wake. Kwa aliyelelewa pwani, hilo ni zito kuliko kizuizi chochote cha barabarani. Alhamdulillah, tunaye hadi leo.

Basi maradhi yakirudi, nasi tunamwomba Mola atuepushe nayo, na amri zikatofautiana tena baina ya kaunti na kaunti, jamaa na wakumbuke mambo matatu. Waulize sheria ya wanakotoka, ya wanakokwenda na ya njiani. Wamwachie aliye dhaifu zaidi neno la mwisho, kwani kosa la wengine yeye ndiye hulilipa. Na aliyefunguliwa asisimangwe kwa uhuru wake, wala aliyefungiwa asisahauliwe. Simu ya jioni moja huunga udugu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na awape afya wazee wetu. Amin.