Kinachowavuta Baba Watoto Baa

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunaichukia baa ya mpira bila kuijua. Hapa Dar es Salaam nimefuatana na mume wangu mara kadhaa Simba inapocheza na Yanga, nikakaa na soda yangu. Ukutani zimetundikwa jezi nyekundu na za kijani, televisheni iko juu, nyama choma inanukia. Bao likiingia, watu wasiojuana wanakumbatiana. Ubishi huo ni wa tangu miaka ya 1930, na hata asiyesikilizwa kazini, pale husikilizwa. Wengi hawafuati bia tu, wanafuata wenzao.

Lakini mimi ni muuguzi. Bia moja ya mililita 500 huchukua mwili saa mbili hivi kuimaliza, wala kahawa haiharakishi kazi hiyo. Sisi tunaopokea majeruhi usiku tunajua safari nyingine za kutoka baa huishia wapi.

Basi tusingoje kugombana mlangoni. Tukubaliane mapema kwamba ufunguo wa gari unabaki nyumbani. Na siku nyingine tuwakaribishe marafiki zake sebuleni. Kelele za dakika 90 hazibomoi nyumba.