Maji Alichota Nani?



Likizo iliyopita, sisi waseminari watatu tunaotoka Bulyanhulu tuliombwa na katekista kuchora Familia Takatifu ukutani mwa kigango. Tulimchora Mtakatifu Yosefu na randa mkononi, misuli imemtoka. Mama Maria tukamweka pembeni, ameketi, macho chini. Tukajipongeza.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, anayeponda mawe ya dhahabu mwaloni, aliitazama picha kwa muda mrefu. Akauliza kwa upole: “Wanangu, kule Nazareti maji alichota nani?”

Tulikosa jibu. Tukakumbuka ziara yetu Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Wazee wetu walichonga sanamu za mbao, za kiume na za kike, za kuingia nazo uwanjani Bagika na Bagalu waliposhindana kucheza ngoma. Hata katika Pietà, aliyoimaliza Michelangelo mwaka 1499, anayebeba uzito ni Mama: mwili mzima wa Mwanawe uko mapajani mwake.

Kitabu cha Mwanzo (1:27) kinafundisha kwamba mwanamume na mwanamke, wote wawili, wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Ukuta wetu ulifundisha nusu tu, na watoto huusoma ukuta kabla hawajajua herufi.

Jumamosi tulirudi na rangi. Sasa Mama Maria amesimama, mtungi kichwani, Mtoto Yesu ameshika kitenge chake. Yule mama alicheka, akasema mtungi umepinda. Tutaunyoosha Pasaka.