Mchicha wa Sadaka

Mwaka ule, Sikukuu ya Mavuno, tulisimama mbele ya usharika bila kapu. Sisi ni ndugu wanne, wazaliwa wa Kibirizi, hatua chache kutoka mwalo wa dagaa, na kwa miaka mingi mchicha wetu ulikuwa hauchelewi kununuliwa mnadani baada ya ibada. Wapo wasomaji wa kitabu hiki walioununua. Ni haki yenu kujua ulikoota.

Marehemu baba alikuwa akitengeneza risasi za nyavu uani. Alivunja betri kuukuu za magari, tindikali akaimwaga chini ya mwembe, mabamba akayayeyusha kwenye sufuria. Karo zetu zilitoka humo, nasi tulipuliza moto. Alipofariki, mama akalima palepale. Kisha mtoto wa dada yetu, mwenye tabia ya kula udongo, akawa anaumwa tumbo kila mara na kuchelewa kusema. Daktari akauliza babu yake alifanya kazi gani. Udongo ukapimwa, ukakutwa na risasi nyingi.

Mama akataka shamba lipumzishwe, kama Walawi 25 inavyoagiza kwa mwaka wa saba. Lakini risasi haiozi. Miaka saba au sabini, ipo.

Tulitamani mmea wa kuifyonza yote. Ng'ambo ya ziwa, Katanga, yako maua yanayostawi kwenye udongo wa shaba. Na Lubumbashi, ambako tanuru la shaba lilianza kazi mwaka 1911, watafiti wa chuo kikuu wamepanda nyasi kwenye udongo ulioharibiwa na moshi wake, baada ya kuweka chokaa na mboji. Nyasi zile hazikupandwa ili kuiondoa shaba. Kazi yake ni kuizuia isipeperuke na vumbi wala kusombwa na mvua.

Nasi tukapanda vetiva, tukatia samadi iliyooza, tukazungushia uzio. Bakteria wanaoishi kwenye mizizi nao wana kazi: baadhi hutoa asidi zinazoyeyusha fosfeti ya udongoni, na fosfeti ikikutana na risasi hushikamana nayo, yakawa madini yasiyoyeyuka kirahisi. Risasi inabaki palepale, ila imefungwa. Majani tukiyakata hatuwapi mbuzi wala hatuyachomi, tunayalaza hapohapo.

Siku ile kanisani mama alilia, akisema amewalisha watu wa Mungu sumu. Mzee mmoja, mnunuzi wetu wa kila mwaka, alimshika mkono, akauliza tu kama mwembe bado unazaa.

Unazaa. Tumeambiwa matunda hayabebi risasi kama majani. Mama huosha embe, hulimenya, hulitazama, mara nyingine hulirudisha kwenye sahani. Mavuno ya mwaka huu tulileta mchele wa dukani. Mtoto sasa anasema, ingawa maneno machache, na mwezi ujao anarudi kupimwa damu.