Kiungulia cha Mzee

Wadau, mniwie radhi kwa ukimya. Si testi peke yake, nilikuwa na mambo ya nyumbani.

Baba ana miaka 58. Tangu niko darasa la tatu namjua na kiungulia chake. Kila usiku anatafuna vidonge, anasema "vidonda vyangu hivi." Kwetu kila kinachouma tumboni ni vidonda, si mnajua. Mwezi uliopita kaka akambana akapime. Wakamwingiza kamera kooni, wakakata vinyama vidogo, tukasubiri majibu wiki mbili. Kusubiri kule jamani! Jirani yetu aliondoka na kansa ya umio: alianza kushindwa ugali, akamalizia kwa kushindwa hata uji.

Majibu yakaja: Barrett. Ni jina la Norman Barrett, daktari wa upasuaji wa London aliyeandika juu ya hali hii mwaka 1950. Nasoma ualimu wa Baiolojia, lakini ilibidi nichore kwenye daftari ndo mama akanielewa. Asidi ya tumbo ikipanda miaka nenda rudi, utando wa ndani wa umio kule chini unabadilika, unafanana na wa utumbo. Sio kansa. Unaweza kuja kuwa kansa, ila kwa watu wengi haufiki huko. (Na kansa ya umio iliyozoeleka huku Afrika Mashariki ni aina nyingine kabisa, haitokani na Barrett. Hapo mama akapumua.)

Sasa mzee ana omeprazo kila siku kabla ya kula, asilale mpaka yapite masaa matatu tangu chakula cha jioni, na kitanda kimeinuliwa matofali upande wa kichwa. Matofali kayafurahia, anajiona chifu. Sigara ndo ugomvi. Kwa kuwa vile vinyama havikuwa na seli zilizoanza kuharibika, kamera tena baada ya miaka mitatu.

Jana nampigia. "Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Nimepona! Dawa nimeacha."

Nikaishiwa nguvu. Nikamwambia baba, kilichonyamaza ni kiungulia, utando uliobadilika bado uko palepale, na wenyewe hauumi.

"Ualimu hujamaliza, ushaanza kunifundisha mimi?"

Tukacheka, lakini hakuahidi kitu. Bumu limeingia, nauli ninayo. Jumamosi napanda basi, na nimemwomba mama asimwambie kama nakuja.