Maji Yaendayo Yenyewe

Nilizaliwa Kianjai, chini ya vilima vya Nyambene, ambako zamani zangu maji yalipatikana kwa mgongo. Dada yangu aliondoka kabla ya mapambazuko, ukanda wa mtungi ukimkaza pajini, akarejea jua limekwisha panda. Mimi nilinawa kwa maji yale nikaenda shule. Yeye alifika kengele imekwisha lia, na katika darasa la tatu akaacha kabisa. Sikuuliza sababu, uso wangu ulikuwa safi, na uji ulikuwa tayari.

Nilipokuwa mtu mzima nilisafiri Unguja. Huko Maruhubi, kaskazini ya mji, yamo magofu ya jumba la Sultani Barghash bin Said, lililojengwa mwaka wa 1882 na kuungua mwaka wa 1899. Wenzangu walistaajabia nguzo zake. Mimi nilisimama mbele ya mabaki ya mfereji wa maji. Barghash, kabla ya kutawala mwaka wa 1870, alipata kuhamishwa Bombay. Alirithi mji uliotoka kupigwa na kipindupindu, ambao watu wake walikunywa maji ya visima, na watumwa ndio waliochota. Akayaleta maji mpaka mjini kutoka Chemchem.

Hila hiyo ni kongwe. Mfereji wa kwanza wa Roma, Aqua Appia, ulijengwa mwaka wa 312 kabla ya Kristo. Aqua Virgo, wa mwaka wa 19 kabla ya Kristo, umefanyiwa matengenezo mengi, na hata leo hulisha bubujiko mashuhuri la Trevi. Picha za vitabuni hutuonyesha matao, lakini sehemu kubwa ya mifereji ile ilipita chini ya ardhi. Kazi ngumu haikuwa matao, ilikuwa mteremko. Ukizidi, maji hula mfereji, ukipungua, hutuama. Yakipata mteremko wa kadiri, huenda yenyewe usiku na mchana, bila mgongo wa mtu.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia dada yangu habari hizi kwa majivuno ya msafiri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

“Ndugu yangu, maji hayo ya Warumi yaliingia katika kila nyumba?”

Nikamjibu kwamba yaliingia kwa matajiri. Watu wengi waliyakinga katika mabirika ya njiani, wakayachukua kwa mitungi.

“Aliyachukua nani?”

Sikuwa na jibu. Akauinua mtungi wake, akaenda kupika.